Sumu Iliyokuwa Jiwe Letu la Mizani

Ufunguo wa friji ya sumu nimeshaukabidhi. Nimesaini, na aliyeupokea amesaini. Nikamwomba asaini na kwenye nakala, akacheka akidhani ni utani. Siku ya kuniaga, wenzangu wa maabara, mlisema, "Mama Fabi, andika, usiondoke na mambo yote kichwani." Basi naandika, nikiwa kibarazani kwangu Bagara, na kuku wanadhani kalamu ni kitu cha kudonoa. Anayetaka habari za vyeo na mishahara atafute mstaafu mwingine, wapo wengi na wanapenda kuongea. Mimi nitawaeleza kuhusu unga mweupe niliokaa nao chumba kimoja kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, Mungu amrehemu, na ambao sijawahi kuugusa kwa kidole.

Kwanza niwaeleze nilikotoka. Mama yangu aliuza maharage na vitunguu sokoni hapa Babati, na kabla sijajua kusoma nilishajua kukagua jiwe la mizani. Wachuuzi wajanja walikuwa wanalichimba jiwe kwa chini, wanaziba tundu kwa nta na masizi. Limeandikwa kilo, lakini si kilo. Mama alinifundisha kulinyanyua, kulipindua na kulikwaruza kwa ukucha kabla sijafungua mdomo kuuliza bei. Shule nilisoma, cheti cha maabara nilipata, lakini nikiwaambia kwamba kazi niliianza siku nilipoajiriwa nitakuwa nadanganya. Niliianza sokoni, nikiwa na kamasi puani.

Siku ya kwanza alinipokea Mzee Paskali, fundi sanifu aliyekuwa na maabara tangu ilipokuwa chumba kimoja na sinki moja. Wakati ule hakuwa mzee. Alijiita hivyo mapema ili asibishane na vijana.

"Shikamoo."

"Marahaba. Njoo hapa. Usiguse kitu."

Akafungua friji, akatoa kichupa kisichozidi kidole gumba. Ndani kulikuwa na unga mweupe, msafi kuliko chochote kilichokuwa chumbani mle, mimi nikiwemo.

"Hii ni nini?"

Nikainama nikatazama. "Chumvi?"

"Umekufa," akasema, akakirudisha kichupa. "Nenda ukaoshe vyombo. Kesho nitakuuliza tena."

Kesho yake akanisimamisha palepale. "Hii ni nini?"

"Si chumvi."

"Kwa hiyo?"

"Sijui, na sikigusi."

"Sasa umeajiriwa," akasema, na hiyo ndiyo sherehe niliyofanyiwa.

Unga ule ni parakwati, dawa ya kuua magugu. Ile ya dukani mnaijua: watengenezaji huitia rangi kali na harufu ya kuchefua makusudi, ili asiye na hatia asije akadhani ni soda. Ile ya maabara haina rangi, haina harufu, haina aibu. Imesafishwa mpaka imebaki yenyewe tupu. Na mtu akiimeza hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Hapo sitii chumvi, na neno hilo nalitumia kwa tahadhari.

Wageni walituuliza kila mara: mnapima mabaki ya sumu kwenye chakula, sasa sumu yenyewe mnaiweka ndani ya nini? Jibu ni lilelile la sokoni. Mashine haijui parakwati. Inajua kulinganisha tu. Unaipa kwanza sumu safi uliyoipima mwenyewe, unaiambia, "Kiasi hiki kinaonekana hivi." Ndipo unaipa mbaazi za mkulima, nayo inasema, "Hizi zina nusu ya kile," au robo, au hakuna. Ile sumu safi sisi tuliiita standadi. Ni jiwe la mizani. Likiwa sahihi, kila mtu anapata haki yake. Likiwa na tundu, hata malaika akishika mizani bado mtaibiana.

Kuipima standadi kulikuwa na adabu zake. Unga ule unapenda maji kama mlevi anavyopenda mshahara. Ukifungua kichupa wakati wa masika unaanza kunywa unyevu hewani, na mizani inaanza kupanda huku unaitazama. Kwa hiyo feni inazimwa, dirisha linafungwa, glovu zinavaliwa mbili mbili, na mtu anapima haraka bila kuharakisha. Sijui niwaeleze vipi tofauti ya mambo hayo mawili. Mtaijua siku mtakapoikosea. Malori ya Dodoma yakipita barabarani tarakimu zilitetemeka, tukasubiri. Bajaji ikipita tukasubiri. Mzee Paskali alikuwa akinisimamia nyuma ya bega na kunong'ona, "Usipumue." Nikipata jibu, alisema, "Pima tena." Nikipata lilelile, alionekana kukasirika kidogo, kama mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema.

Kuileta hapa nako kulikuwa kazi. Zamani ilifika Arusha, nasi tukaifuata. Safari moja nilirudi na basi nikiwa na kijisanduku cha barafu mapajani, kichupa kimefungwa ndani ya kopo, kopo ndani ya kopo lingine. Konda akaja.

"Mama, mzigo uende kwenye buti."

"Huu haupandi buti, baba."

"Basi ulipie siti."

"Silipi. Unakaa kwangu."

"Una nini humo cha kukumbatia hivyo?"

"Sumu ya serikali."

Abiria wa pembeni yangu wakakumbuka ghafla kwamba wanapenda kukaa mbele. Nilifika Babati nimenyoosha miguu, na konda akanishusha mlangoni mwa maabara bila kuombwa. Nilishinda mapatano mengi maishani, lakini hayo ndiyo pekee niliyoshinda kwa kusema ukweli mtupu.

Mzee Paskali alikuwa na sheria nyingi. Moja ilikuwa kwamba parakwati ikishayeyushwa haiwekwi kwenye kioo. Inawekwa kwenye chupa za plastiki ngumu, nyeupe, mbaya kwa sura, zilizokuwa zimekwaruzika mpaka huoni ndani. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Kioo kinavunjika. Utaokota sumu kwa vidole?" Sababu ikaniingia akilini, nikaacha kuuliza. Alipostaafu akaenda kulima kwao Dareda, chupa zake zikabaki, na sheria ikabaki, na sisi sote tuliamini inahusu kuvunjika.

Baadaye akaja Dokta Agripina kuwa mkuu wa maabara. Nataka niseme wazi, kwa sababu huko kantini huwa mnapenda hadithi za mabosi wasiojua kitu: huyu alijua. Alitoka Kagera, alikuwa na sauti ndogo na kichwa kikubwa kwa maana nzuri, na ndiye aliyetufundisha mashine mpya, ile inayochora vilima kwenye skrini. Sumu ikiwa nyingi kilima kinakuwa kirefu kama mlima wetu wa Kwaraa. Ikiwa kidogo kinakuwa kichuguu. Mashine ya zamani ilitaka macho. Hii ilitaka akili, na Dokta alitugawia ya kwake bila ubahili.

Kosa lilipokuja, lilikuja na wageni. Tuliambiwa wakaguzi wanakuja kuona kama maabara inastahili kutoa vyeti vinavyokubalika nje. Mnajua wenyewe Babati tunavyojiandaa kwa mgeni. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mapazia yakanunuliwa. Bendera ikafuliwa. Dokta alipofungua friji akaziona zile chupa za plastiki, uso ukamkunjamana.

"Mama Fabi, hizi zinafanana na chupa za mafuta ya taa."

"Zinafanya kazi lakini, Dokta."

"Najua. Ila mgeni ataona friji kabla hajaona kazi."

Chupa za kioo zilikuwepo, mpya, za rangi ya kahawia, zimekaa kwenye maboksi yake kama sahani za harusi. Kuhusu kuvunjika tulikuwa na trei yenye sponji, kwa hiyo sababu ya Mzee Paskali haikuwa na nguvu tena. Tukahamisha. Chupa hazikutosha zote, basi ile standadi nene, yenye sumu nyingi, tunayoichota kidogo kidogo na kuizimua, ikabaki kwenye plastiki yake ya zamani, ikasukumwa nyuma kabisa ya friji mahali ambapo mkaguzi hawezi kuinama. Zile nyepesi, za kuionyesha mashine kila siku, ndizo zilizovaa kioo. Plastiki tupu nilikataa zisitupwe. Si kwa hekima, ni ubahili tu. Nilizifunga kwenye mfuko nikaziweka stoo. Wakaguzi wakaja, wakasifu friji, wakala pilau, wakaondoka.

Haukupita muda mrefu msimu wa mbaazi ukafika.

Kikundi cha wakulima wa Bonga kilikuwa kimepata mnunuzi wa maana, kwa mara ya kwanza bila dalali katikati. Mwenyekiti wao alikuwa Baba Elia, mtu mrefu, mpole, anayeongea Kiswahili taratibu kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Aliwatembelea wanachama mmoja mmoja kuwashawishi wakusanye mavuno yote ghala moja. Wakala wa mnunuzi alikuwa kijana aitwaye Hamza, mwenye simu mbili na haraka moja. Sharti lake lilikuwa fupi: cheti cha maabara yetu kwamba parakwati haizidi kikomo. Huko mbaazi zinakokwenda hawataki mchezo, maana kuna wakulima wanaozinyunyizia zikiwa shambani ili zikauke upesi.

Tukachukua sampuli, tukasaga, tukachemsha kwenye asidi, tukachuja, tukaipa mashine. Majibu ya awali: zimezidi kikomo. Si kwa mbali, lakini kuzidi ni kuzidi. Hamza akaarifiwa, kikundi kikaarifiwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Baba Elia kwenye ngazi zetu, kofia mkononi.

"Habari za asubuhi, Mama Fabi."

"Nzuri, Baba Elia. Karibu ndani."

"Nitasimama tu. Nimekuja kuuliza jambo moja. Hiyo mashine inaweza kujua ni nani alinyunyiza?"

"Haijui watu. Inajua sumu."

Akaizungusha kofia. "Sisi dawa hiyo tulitumia mara moja, kusafisha shamba kabla ya kupanda. Mbaazi hatukugusa. Niliwaapisha kwenye mkutano. Sasa wanasema kuna mmoja alinyunyiza kwa siri. Jana wamekaa makundi mawili. Kundi moja linasema ni wale wa bondeni. La pili linasema ni mimi."

"Wewe?"

"Mbaazi zangu zilikauka mapema. Shamba langu liko juani, Mama Fabi. Jua nalo niliapishe?"

Hamza naye alikuwa ameegesha gari nje. Akaingia bila kuvua miwani ya jua.

"Shikamoo mama. Mimi naondoa malori. Wenzenu wa Kiteto wana mzigo, wananisubiri."

Sasa, ndugu zangu, nilikuwa bado sina kitu mkononi. Nilikuwa na mwasho tu. Jioni ya jana yake nilikuwa nimeitazama ile sampuli yetu ya kujipimia. Mnajua utaratibu: unachukua mbaazi safi, unatia parakwati kwa kiasi unachokijua, unaipitisha njia ileile, unaona utarudishiwa kiasi gani. Siku zote kinarudi pungufu kidogo, kwa sababu kitu hupotea njiani. Safari hii kilirudi zaidi ya nilichotia. Vijana walifurahi, wakaona kuongezeka ni maendeleo. Mimi nililelewa na mama mchuuzi. Mtu akikurudishia chenji kubwa kuliko noti uliyompa, hushukuru; unaikagua noti.

Lakini ili nikague nilihitaji muda, na muda ulikuwa mfukoni kwa Hamza.

"Malori yaondoke lini, mwanangu?"

"Leo jioni."

"Ngoja Ijumaa."

"Mama! Leo ni Jumatatu."

"Alhamisi."

"Kesho asubuhi, na hapo nakuheshimu."

"Kiteto unajua hali ya barabara? Huo mzigo wa huko umepimwa?"

Akakohoa. "Bado."

"Utapimwa wapi?"

Hapo akavua miwani. Maabara ilikuwa moja tu, na ilikuwa ile aliyosimama ndani yake.

"Kesho jioni," akasema.

"Keshokutwa saa sita mchana. Mifuko uchague mwenyewe, sampuli uchote mwenyewe, ukae kwenye kiti hiki utazame kila hatua. Chai juu yangu."

"Na chapati?"

"Usinivukie mpaka."

"Keshokutwa saa sita," akasema Hamza, akaketi kama mtu aliyeshinda.

Nikaingia kwa Dokta Agripina na kumweleza kuhusu chenji. Hakukasirika. Alivuta kiti, akachukua karatasi, akaanza kuuliza kwa sauti yake ndogo. Ile parakwati ya kutia kwenye sampuli umeichota wapi? Kwenye nene. Nene iko kwenye nini? Plastiki ya zamani. Na ile iliyoonyeshwa mashine? Nyepesi, kwenye kioo. Akaweka kalamu chini.

"Mama Fabi, kwa nini zilikuwa kwenye plastiki?"

"Kioo kinavunjika."

"Nani kasema?"

Tukampigia Mzee Paskali Dareda. Alikuwa shambani, upepo unapiga kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Ile sheria ya plastiki, sababu yake nini hasa?"

"Kioo kinavunjika."

"Basi?"

"Basi nini tena? Mmevunja?"

"Hapana mzee. Aliyekufundisha wewe hakusema sababu nyingine?"

"Alisema mengi. Alisema haipendi kioo. Mimi nikafikiri ni namna ya kusema inavunjika. Mmevunja ngapi?"

Dokta alikuwa ameshasimama. Parakwati ikiyeyuka majini, akatueleza, inakuwa na chaji chanya, na ukuta wa kioo una chaji hasi. Inavutwa, inajibandika ukutani, na maji yanabaki na upungufu. Ikiwa nene huoni, kwa sababu kinachojibandika ni kidogo kwenye kingi. Ikiwa nyepesi, ukuta unakula sehemu kubwa. Alilieleza vizuri sana, kisha akajipiga paji la uso. "Niliyasoma haya chuoni," akasema. "Nikayajibu kwenye mtihani. Nikapata alama zote."

Kujua sababu si kuithibitisha. Tukatengeneza standadi nyepesi mpya kutoka kwenye nene, tukaigawa: nusu kwenye kioo, nusu kwenye plastiki niliyoitoa stoo na kuiosha mpaka mikono ikachubuka. Tukaziweka pamoja kwenye friji moja. Kesho yake asubuhi tukaipa mashine, Hamza akiwa kwenye kiti chake na kikombe, Baba Elia amesimama mlangoni kwa sababu alikataa kukaa mpaka ajue anakaa kama nani.

Standadi ya plastiki ikachora kilima kirefu, kinachojiamini. Ya kioo ikachora kingine pembeni, kifupi, kana kwamba kimepiga magoti. Sumu moja, siku moja, mkono mmoja.

Hamza akainuka. "Subiri. Hiyo fupi ndiyo mliyotumia kupima mbaazi zangu?"

"Zangu," akasema Baba Elia. "Hujanunua bado."

Nikawaeleza kwa lugha ya sokoni. Jiwe la kilo likichubuliwa, kila unachopima juu ya mizani kinaonekana kizito kuliko kilivyo. Jiwe letu lilikuwa limechubuliwa na chupa. Mbaazi hazikuongezeka sumu, jiwe lilipungua. Baba Elia alitazama vile vilima kwa muda mrefu, akauliza swali ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kutuuliza: "Na tangu chupa hizi ziingie, mlipima za wengine?"

Dokta akajibu bila kupepesa macho. Tangu kioo kiingie friji, parakwati ilikuwa imepimwa kwenye mbaazi zake tu. Nilishaangalia daftari asubuhi ile, na nikaangalia tena. Nilishukuru Mungu mara zote mbili.

Ilibaki kazi yenyewe. Hamza alikwenda ghalani Bonga, akachagua mifuko kwa kuruka ruka kama kuku, akachota, akafunga kwa mkono wake. Tukaanza upya kila kitu. Standadi mpya, imepimwa feni imezimwa. Plastiki kila mahali, hata vichupa vidogo vya mashine, hata ncha za pipeti tunazochotea. Sampuli ya kujipimia ilipita kwanza, nikasimama mbele ya skrini nikiwa nimebana pumzi kama siku za Mzee Paskali. Ikarudi pungufu kidogo, kama inavyotakiwa, kama chenji ya mtu mwaminifu aliyejilipa usumbufu wake. Sijawahi kufurahia upungufu namna ile.

Kisha mbaazi. Kilima kilikuwepo, siwadanganyi. Kidogo, cha chini, kile ambacho ungekitarajia kwa shamba lililosafishwa mara moja kabla ya kupanda na kuachwa. Chini ya kikomo. Tukarudia. Chini ya kikomo. Dokta akasema inatosha. Nikasema turudie kwa sampuli aliyoichota Hamza kwenye mfuko wa chini kabisa. Chini ya kikomo. Hamza alikuwa amesahau chai yake, amesogea mpaka pua inagusa skrini.

"Mama, hii inasema ndiyo?"

"Inasema ndiyo."

"Mara tatu?"

"Mimi sinunui kitu kwa neno moja, mwanangu."

Akapiga simu zote mbili kwa mpigo mmoja. Ilikuwa Jumatano, na saa sita ilikuwa haijafika.

Sasa cheti kingeweza kutumwa, na kazi ingeishia hapo. Ofisi nyingi zingefanya hivyo: karatasi mpya, muhuri mpya, ile ya kwanza hakuna anayeizungumzia. Nilimwona Dokta akishika kile cheti, amesimama dirishani. Akavua koti jeupe, akalitundika.

"Baba Elia, wanachama wako wako wapi saa hizi?"

"Ghalani. Wanasubiri kuona kama malori yanaondoka matupu."

"Twende."

Tukaenda na gari ya Hamza, tumebanana na sampuli zilizobaki. Bonga si mbali. Wanachama walikuwa nje ya ghala, na kweli walikuwa makundi mawili, moja kila upande wa mlango, kama wanaosubiri mazishi ya watu tofauti. Hakuna aliyemsalimia Baba Elia. Mke wake alikuwa pembeni peke yake, amekaa juu ya gunia, na hakuna mwanamke aliyekuwa amekaa naye.

Dokta hakutafuta mahali pa juu pa kusimama. Alisimama katikati, kwenye ile nafasi waliyoiacha wazi.

"Majibu ya kwanza yalikuwa na makosa," akasema. "Kosa ni la maabara. Tuliweka kipimo chetu kwenye chupa isiyofaa, na mimi ndiye niliyeagiza chupa hizo. Mbaazi zenu ni safi kwa mauzo. Hakuna aliyenyunyiza."

Sauti yake, nimeshawaambia, ni ndogo. Upepo ulikuwepo. Baba Elia, ambaye alikuwa hajaongea tangu tutoke mjini, akavaa kofia yake.

"Dokta, naomba useme tena. Wale wa nyuma hawajasikia."

Dokta akasema tena, kwa nguvu zaidi. Mbaazi ni safi. Kosa ni letu. Hakuna aliyenyunyiza. Mzee mmoja wa lile kundi la kushoto akaangalia chini, akavuka ile nafasi, akaenda kumshika mkono mmoja wa kundi la kulia, wakaongea kwa Kiiraqw mambo ambayo sikuyasikia. Mwanamke mmoja akaenda kukaa kwenye gunia karibu na mke wa Baba Elia, akasukuma kidogo kwa kiuno apewe nafasi, na akapewa. Nyuma yetu lori la kwanza lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea mlango wa ghala, Hamza akilielekeza kwa mikono yote miwili, anapiga kelele kama aliyezilima mwenyewe.

"Sema tena, Dokta," akasema Baba Elia.

"Lakini wamesikia wote sasa, Baba Elia."

"Najua," akasema. "Sasa sema kwa ajili yangu."

Dokta akamgeukia yeye peke yake, akasema tena.